Fundi Sikio na Mashine ya Pumzi

Kwa miaka ishirini na sita idara ya maji ilimlipa mtu mmoja mshahara kwa kazi ya kusikiliza barabara. Hakuchimba, hakuunga mabomba, hakusoma mita. Alikuwa na fimbo ya chuma inayomfika kifuani, juu yake kikombe cha mbao. Aliisimamisha ardhini, akalaza sikio kwenye kikombe, akafumba macho, akasikiliza kama bomba lililofukiwa huko chini linavuja. Akisharidhika alipiga mguu mara mbili na kusema, "Hapa." Migongo ya kuinama ilikuwa ya wengine. Watu walimwita Fundi Sikio, na yeye, mtu asiyependa makuu hata kidogo, alilichapisha jina hilo mgongoni mwa koti lake la kazi kwa herufi za rangi ya machungwa.

Na usidhani kusikiliza kwenyewe kulikuwa jambo la kulala na kuamka. Kwanza aliinua mkono wa kushoto, na mtaa mzima ukapaswa kunyamaza. Wenye maduka walizima redio. Mama mwenye mtoto anayelia aliombwa kwa adabu ampeleke akalilie mbele. Siku moja alimwamuru mwenye mashine ya kusaga azime injini, na watu wenye ndoo zao za nafaka wakasimama robo saa juani wakimtazama mheshimiwa akiongea na lami. Idara ilipomnunulia kifaa cha kisasa cha kunasia sauti, chenye kioo na mshale wa kuonyesha, alikitazama mara moja tu. Alisema hicho ni cha watu ambao Mungu aliwanyima masikio, akakirudisha stoo.

Mwenzake wa siku zote alikuwa mchimbaji mmoja wa makamo aliyeitwa Kimya, kwa sababu maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kiberiti. Walikuwa pamoja miaka kumi na minane. Fundi Sikio alipokuwa akifanya mambo yake na fimbo, Kimya alizungukazunguka pale barabarani akinyoosha miguu, mpaka apate mahali pa kuegemeza beleshi lake, kisha akasubiri kuambiwa achimbe. Fundi Sikio alimsifu sana kwa watu. Alisema ni mtu mzuri wa kazi, tatizo lake ni moja tu, hana kipaji.

Sasa, mtu huyu mwenye sikio la dhahabu alikuwa na koo la trekta. Alikoroma mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. Mkewe, fundi cherehani anayeshonea watu sare za shule pale barazani, alikuwa na macho mekundu mwaka hadi mwaka, na wateja wakampa pole kwa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano. Fundi Sikio mwenyewe aliamka kila asubuhi kichwa kinauma na mdomo umekauka, akalaumu chumvi, akalaumu godoro, akalaumu serikali. Usingizi ulimkamata popote, kwenye kiti cha kinyozi, katikati ya hotuba ya harusi, mara moja akiwa na kijiko mdomoni.

Mwishowe ulimkamata kazini. Alikuwa amesimama mbele ya duka la dawa, sikio kwenye kikombe, mkono juu, mtaa kimya. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba leo bwana mkubwa amekutana na mvujo wa ajabu, mwone anavyozama. Mzee mmoja akavua kofia. Ndipo Fundi Sikio alipokoroma, mkoromo mrefu wenye pembe, magoti yakalegea, akaanguka na fimbo yake ndani ya mtaro ambao Kimya alikuwa ameuchimba jana yake. Alitoka na jino moja pungufu. Bosi wa matengenezo akamwandikia barua ya hospitali, akamwambia asirudi bila majibu.

Huko hospitali walimlaza usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, na asubuhi daktari wa usingizi, mwanamke mtaratibu asiye na haraka na mtu, akamweleza kwamba koo lake linajifunga akilala na pumzi inakatika. Inakatika mara thelathini na nne kwa saa. Fundi Sikio akacheka kwa huruma. Akamuuliza daktari, ikiwa alikuwa hapumui, nani aliyekuwa akikoroma? Daktari hakucheka. Alimwambia ugonjwa huo unaua watu usingizini, kwa moyo au kwa kiharusi, na kwamba atapewa mashine ya kupulizia hewa ili koo libaki wazi. Ataivaa kila alalapo, bila kukosa, na arudi baada ya wiki sita.

Mashine ilikuwa na ukubwa wa mkate, na mpira mrefu, na barakoa ya kufunika pua na mdomo yenye mikanda nyuma ya kichwa. Akiivaa alifanana na rubani aliyepotelewa na ndege. Lakini haki ya mtu apewe, ilifanya kazi. Asubuhi ya pili tu aliamka akaona rangi ya ukuta wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na haikumpendeza. Kichwa hakikuuma. Alikunywa chai bila kusinzia. Mkewe naye, alipoona mashine imeshika zamu, akachukua mto wake akahamia chumba cha uani, kilichoachwa na binti yao alipoolewa. Fundi Sikio alinuna kidogo. Yaani nimenyamaza ndipo unanikimbia? Mkewe alisema anataka kulala tu, hana neno jingine.

Shida ilianza kwenye masikio. Wiki ya kwanza yalikuwa yakiziba asubuhi na kufunguka kwa mlio mdogo, pop, kama kifuniko cha chupa. Wiki ya pili yalijaa mchana kutwa, akawa anajisikia sauti yake mwenyewe kana kwamba amejifungia kabatini. Na katika ule ujazo alisikia kitu kingine, sssss, chembamba, kisichokoma. Ungekuwa wewe ungesema masikio yanapiga kelele, ukanywa maji, ukalala. Yeye alikuwa Fundi Sikio. Mlio huo alikuwa ameusaka miaka ishirini na sita. Ulikuwa mlio wa bomba linalovuja, nao sasa ulikuwa kila mahali, hata chooni.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kimya alikuwa ameondoka wiki ileile kwa likizo ya wiki tatu, kumuuguza mama yake, na idara ilikuwa imempa Fundi Sikio vibarua wawili wasiomjua, waliosimama kila alipowaambia wasimame. Akaenda nao mbele ya zahanati, kwenye lami iliyomwagwa mwezi uliopita na kuzinduliwa kwa utepe. Akainua mkono, akasikiliza, akapiga mguu mara mbili. Wakachimba hadi kiunoni. Bomba lilikuwa kavu kama biskuti. Wiki iliyofuata akachimbisha njia panda ya sokoni, pakavu. Siku tano baadaye akasikia mvujo mkubwa kuliko yote mbele ya geti la nyumbani kwa bosi wake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki asiyeogopa vyeo, akaamuru pachimbwe hapohapo. Bosi alirudi jioni akakuta gari lake halina pa kupita.

Mashimo matatu makavu ndani ya wiki tatu. Hakuwahi kukosea hata mawili kwa mwaka. Bosi alimwambia kwa upole unaotisha kwamba shimo la nne litakuwa lake yeye, na kwamba kile kifaa chenye mshale bado kipo stoo na hakijawahi kumchimba mtu geti. Fundi Sikio alirudi nyumbani roho ikiwa juu. Hakuogopa njaa sana, maana cherehani ya mkewe ilikuwa haijawahi kulala. Aliogopa kuwa mtu wa kawaida. Angepita mitaani, na wenye maduka wasizime redio.

Basi akafanya hesabu zake. Mashine ilikuja, sikio likaharibika. Mashine ikitoka, sikio litarudi. Kuhusu kufa usingizini, alijiambia kwamba amekufa mara thelathini na nne kwa saa kwa miaka mingi na bado anadai pensheni. Lakini mkewe asingekubali, kwa hiyo mzee wetu akatunga ujanja. Kila usiku aliwasha mashine ingurume vizuri, akaisukumia barakoa chini ya mto, akalala zake, na mkoromo haukufika uani. Alfajiri, kabla mkewe hajaleta chai kutoka uani, aliivaa na kujilaza chali kwa unyenyekevu, michirizi ya mikanda mashavuni. Mkewe alimkuta hivyo akashukuru Mungu. Kichwa kilianza kuuma tena, akalaumu chumvi.

Na tazama basi, sikio likarudi! Kimya alikuwa amemaliza likizo, wakatoka pamoja kama zamani, na shimo la kwanza likatoa maji. La pili likatoa maji. Matano mfululizo, bila kukosa. Mlio wa sssss ulikuwepo bado, ni kweli, ila hakuutilia maanani. Fundi Sikio alitembea kifua mbele, akawaambia watu wa gereji kwamba madaktari nusura wamuue kipaji, na kwamba mtu aliyezaliwa na sikio kama lake hapuliziwi hewa kama tairi.

Wiki sita zilipotimia walikwenda hospitali yeye na mkewe. Daktari alichomoa kadi ndogo ubavuni mwa mashine, akaitia kwenye kompyuta, akatazama kwa muda mrefu. Akasema mashine imefanya kazi kila usiku bila kukosa. Fundi Sikio akaitikia kwa kichwa. Ila, daktari akaendelea, kwa usiku kumi na tisa wa mwisho, mashine imeandika kwamba hewa yote inavuja, tangu dakika ya kwanza hadi alfajiri. Mvujo mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona. Na bingwa wa mivujo alikuwa amelala kando ya mvujo huo, hakusikia kitu.

Mkewe aligeuka akamtazama. Hapo Fundi Sikio alijitetea kama wakili. Alieleza masikio yalivyoziba, na mashimo matatu makavu, na geti la bosi, na jinsi mashimo matano yalivyotoa maji tangu aivue ile barakoa. Ushahidi huo, daktari, unataka nini tena? Alisema mtu kama yeye bila sikio ni fimbo tu iliyovalishwa koti. Safari hii hakuwa akijifanya.

Mkewe alimwacha amalize. Kisha akasema taratibu, mikono juu ya mkoba wake.

"Miaka kumi na moja nimekuwa nahesabu, baba watoto. Ukikoroma nalala kidogo. Ukinyamaza naamka, naanza, moja, mbili, tatu. Ikifika ishirini nakusukuma. Kuna siku nilifika hamsini na mbili, nikawa nawaza nitampigia nani simu kwanza. Mashine ilipokuja nikaenda uani, nikalala kama mtoto mchanga. Usiku kumi na tisa. Hakuna aliyekuwa anahesabu."

Fundi Sikio alikuwa akijua macho yale mekundu kwa miaka kumi na moja, na hata siku moja hakuwahi kuuliza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka hadi magotini.

Daktari, aliyejua wakati wa kuwaacha watu, aliwaacha kidogo, kisha akamtuma mzee chumba cha pili kupimwa masikio. Huko alifungiwa kwenye kijumba kidogo, akavalishwa vipokea sauti masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Fundi Sikio alibonyeza kwa madaha. Alibonyeza mpaka mpimaji akafungua mlango kumwambia kwamba milio ilikuwa bado haijaanza.

Karatasi ilipoletwa, daktari alimwonyesha mstari unaokwenda sawa kisha unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Alimweleza mambo mawili, na akayatenganisha vizuri. Kuziba na ule mlio wa pop ni kweli ni wa mashine, maana hewa inasukumwa hadi kwenye kimrija kinachotoka nyuma ya pua kwenda sikioni. Hilo lina dawa. Mgandamizo utapunguzwa, hewa itatiwa mvuke wa vuguvugu, na pua itatibiwa. Lakini kule kuporomoka kwa mstari, na huenda na ule mlio wa sssss, si kwa wiki sita. Sauti nyembamba zimemtoka zamani. Inaweza kuwa umri, inaweza kuwa kelele za mashine za kuvunjia lami alizosimama kando yake maisha yake yote. Wapo pia wanaosema kulala miaka bila hewa ya kutosha kunachosha masikio, ila wataalamu bado wanabishana, na yeye hatamdanganya kwa kujifanya anajua.

"Zamani kiasi gani?" aliuliza Fundi Sikio.

"Miaka, mzee. Mingi. Milio ya bomba linalovuja, kwa karatasi hii, sidhani kama umeisikia karibuni."

Hakulala vizuri usiku huo, ingawa aliivaa barakoa na kuifunga mikanda yote. Mkewe hakwenda uani. Alileta kiti, akakaa.

Asubuhi, ndani ya gari la idara, Fundi Sikio alimweleza Kimya yote, hadi kile kitufe. Kisha akauliza lile lililomkesha. Ikiwa sikio lilikwisha kufa, yale mashimo yote aliyapataje? Hayo matano ya juzi aliyapataje?

Kimya aliendesha hadi mwisho wa barabara, akasimamisha gari, akazima injini.

"Kwa beleshi langu," alisema. "Mimi nakanyaga, mzee. Panapovuja ardhi ina uzito mwingine, na lami ina ufa wenye vumbi lisilopeperuka. Nikishapajua naegemeza beleshi hapo. Nawe ukifumbua macho, unapiga mguu karibu na beleshi."

"Tangu lini?"

"Miaka saba. Labda minane."

"Na hukusema?"

Kimya aliyapima maneno yake kwa muda, maana yalikuwa yamekwisha pita kiwango cha wiki. "Ulikuwa unafurahi sana," alisema. "Na siku ukikosea unanuna, na mimi ndiye ninayekaa na wewe humu garini."

Lo, mtu asiye na kipaji! Fundi Sikio alitazama nje ya kioo. Alikumbuka mtaa mzima ukinyamaza kwa ajili yake, redio zikizimwa, watoto wakiziba midomo kwa viganja, huku mwenye kujua akizunguka nyuma yake kama mtu aliyepoteza sarafu. Alitaka kukasirika akakosa wa kumkasirikia.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, na bosi alikuja mwenyewe kusimamia, kwa sababu geti lake lilikuwa bado halijasahaulika. Fundi Sikio alisimamisha fimbo. Aliinua mkono, watu wakanyamaza. Alisikia sssss yake mwenyewe, na zaidi ya hiyo hakusikia kitu. Alipofumbua macho, beleshi lilikuwa limeegemezwa kando ya ngazi ya duka la viatu. Kimya alikuwa akitazama mawingu. Kilichobaki kilikuwa kupiga mguu mara mbili na kwenda kunywa chai.

Alisimama pale muda mrefu mpaka bosi akadhani amesinzia tena.

"Bosi, mimi sisikii," alisema. "Nina miaka sisikii. Anayejua panapovuja ni huyu."

Mtu mmoja alicheka, akifikiri ni utani. Bosi hakucheka. Alimtazama Kimya, akatazama beleshi, akaelewa upesi kuliko alivyotegemewa. Akasema pachimbwe penye beleshi, na maji yakaruka kabla ya kufika magotini. Kisha akamwambia Fundi Sikio aiweke fimbo garini, Jumatatu aripoti stoo, kuna nafasi ya kugawa mabomba na viungo vyake. Hakumfokea. Hilo ndilo lililouma kuliko yote. Redio za madukani zilikuwa zimekwisha washwa.

Jumamosi mchana alikuwa amechoka uchovu wa miaka. Aliivaa barakoa peupe, jua liko dirishani, mashine ikiwa imepunguzwa nguvu na kutiwa maji ya mvuke kama daktari alivyoagiza, akajilaza. Mkewe alisogeza kiti karibu na kitanda akaleta sare ya mtu ya kutia vifungo. Fundi Sikio alimwambia apumzike uani, mashine ipo. Mkewe akasema atakaa kidogo tu, mpaka amwamini, na hakusema ni mashine gani au mtu gani asiyeaminiwa.

Hakupata usingizi mara moja. Alilala akimtazama mkewe kupitia juu ya ile barakoa. Alimwona midomo yake ikicheza bila sauti, moja, mbili, ikiacha, ikianza tena, vidole vikiendelea kushona kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Baada ya muda vidole vikasimama. Kisha midomo ikasimama. Kichwa kikaegemea ukutani, sare ikateleza sakafuni, na mama wa watu akalala palepale amekaa.

Fundi Sikio hakuthubutu kujigeuza, asije akamwamsha. Alikaa hivyo saa nzima, akipumua polepole na sawasawa, kama mtu aliyepewa kazi ya kupumua, na katikati ya kazi hiyo akapitiwa.

Jua lilipohama dirishani mkewe alishtuka. Chumba kilikuwa kimya, hakuna mkoromo, na yeye hakuwa amehesabu. Aliruka kutoka kwenye kiti akaweka kiganja kifuani mwa mumewe, akabonyeza kwa nguvu. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, mkono uleule hapohapo, akalia kwa sauti. Mumewe hakumsikia, alikuwa amelala.